Chumba cha chini kinatoka jasho: tuweke nini juu ya pavema, ile sakafu ya saruji?

Tangu mvua irudi, barua zinazoingia hapa karibu zote ni za kitu kimoja, chumba cha chini. Bukavu tambarare tumeipata wapi, kila mtu anakata mlima anajenga, ukiwa barabara ya juu unaona nyumba ya kawaida, ukishuka unakuta iko na vyumba vingine viwili vimepewa mgongo kwa udongo, na watoto wakikua lazima mtu alale huko. Basi leo tunabaki huko huko chini. Nimeongeza barua moja ya Goma, moja ya Lubumbashi, na moja imetoka mbali sana.

Mukubwa Fundi, jambo. Niko na nyumba ku Bagira hapa Bukavu, chumba cha chini kuta tatu ziko ndani ya udongo, dirisha ni moja paka mbele. Tuliweka balatumu (zulia la plastiki), sasa imevimba, ukiinua chini yake ni maji na harufu ya kuoza, na magodoro ya watoto imeanza kutoka madoa meusi upande wa chini. Shemeji yangu iko Canada anasema kule banaweka mbao yenye iko na frigoliti (povu ngumu ya plastiki) chini yake na baridi inaisha kabisa, anataka kutuma picha nionyeshe menizie (seremala) wetu atengeneze ya namna ile. Nifanye hiyo ao nimwage pavema ingine juu? — Mama wa Bagira

Mama, jambo sana. Usinunue kitu kwanza, wala mbao wala sima (saruji). Hatujajua maji yako inatoka wapi.

Toa balatumu yote, usiihurumie, fungua dirisha na mlango chumba kipigwe upepo siku kadhaa. Kiisha chukua kipande cha shitingi (plastiki ya kufunikia), nusu mita kwa nusu mita inatosha, kibandike juu ya pavema na skochi (tepu) pande zote nne hewa isipite, ukiache siku mbili. Weka viwili ao vitatu, kimoja karibu na ukuta wa nyuma ule unaobeba mlima, kingine katikati ya chumba, maana mara nyingi jibu si moja. Siku ya kufungua angalia maji iko upande gani. Kama matone yako chini ya shitingi, ao pavema pale imekuwa nyeusi kuliko pembeni, maji inapanda kutoka ardhini. Kama chini ni kavu lakini juu ya shitingi unapitisha kidole kinalowa, hiyo ni hewa yenu wenyewe, pumzi za watu watatu usiku na nguo munaanika ndani, inagusa sakafu baridi inageuka maji. Na jaribio hili lifanye sasa mvua inanyesha, ukingoja mwezi wa saba kila pavema ya Bukavu itakudanganya kwamba ni kavu.

Kwa vile umesema kuta tatu ziko ndani ya udongo, mimi naweka dau kwa ardhi. Betoni (zege) si sahani, iko na vitundu vidogo sana, inanyonya maji na kuipandisha kama utambi wa koroboi unavyopandisha petroli. Ukimwaga pavema mpya moja kwa moja juu ya ile ya zamani bila kitu katikati, umerefusha utambi tu, baada ya miezi utarudi hapa hapa. Na ukiweka mbao za shemeji juu ya pavema inayolowa, mbao itaanza kuoza kutoka chini pale usipoona, na uyoga wake watoto watauvuta usiku kucha.

Kwa hiyo kwanza toka nje, zunguka nyuma ya nyumba siku mvua inapiga. Bati inamwaga wapi? Ni nyumba nyingi sana hapa kwetu hazina gutiere (mfereji wa kukinga maji ya bati) upande wa mlima, maji yote ya bati inaanguka kwenye kamba moja chini ya ukuta na inaingia pale pale, kiisha mtu analalamika chumba kina unyevu. Weka gutiere, maji iende mbali kwa tiyo (bomba). Udongo uliogusa ukuta uteremke kutoka nyumbani, kama sentimita 5 kwa kila mita, hata mita mbili tu inasaidia. Kama nafasi iko, chimba mfereji nyuma ya ukuta ufike chini kuliko pavema ya ndani, lakini usiteremke chini ya msingi wenyewe, na uchimbe vipande vipande si wote mara moja, mlima wetu munaujua. Ndani lala tiyo yenye matundu, izungushie graviye (kokoto) safi, funika na kitambaa udongo usizibe, mdomo wa tiyo utokee pembeni kwa chini. Majirani wa chini wajulishwe mbele, maana maji yako ikitokea kwenye parseli (kiwanja) ya mtu kesi inakuwa ingine.

Kitu kimoja usifanye: kupaka ukuta kwa ndani dawa ya kuzuia maji wakati nyuma maji haina njia. Maji haipotei, inasukuma. Na kama ukuta wenyewe umetoa tumbo ao umepasuka kwa mstari unaolala, achana na habari ya sakafu kabisa, ita mhandisi, watoto wahamie juu leo.

Haya, tuseme nje umemaliza. Ndani kama pavema ya zamani imekwisha chakaa na fundi wako ni mtu wa kazi, ningesema ivunjwe. Chini mawe, juu yake graviye nene bila vumbi, sentimita 10 mpaka 15, hiyo nafasi kati ya kokoto ndiyo inakata utambi. Wenye kupata mawe mepesi ya volkeno yenye matundu yale ya upande wa Goma, hayo ni mazuri pia bora yawe makubwa na yamechujwa. Mchanga kidogo wa kulainisha, kiisha shitingi nzito, si ile nyepesi ya kufunikia makala (makaa), vipande vipandane sentimita 20 ao 30 na pembeni shitingi ipande ukutani mpaka juu ya sakafu mpya. Ndiyo betoni inamwagwa, sentimita 8 mpaka 10. Mafundi wanapenda kutoboa shitingi na vijiti eti maji ya betoni ishuke haraka. Simama hapo hapo uwakataze!

Sasa frigoliti. Hapa shemeji ana haki kwake na si lazima awe na haki kwako. Udongo ukishuka mita chache unakuwa na joto karibu sawa na wastani wa hewa ya mwaka mzima wa mahali hapo. Kwa Bukavu hiyo ni kama digrii 19 ao 20, kwa Montréal ni kama 7. Yeye iko anapigana na ardhi ya friji, wewe unapigana na maji. Baridi unayosikia kwa mguu asubuhi ni juu ya betoni na karo (vigae) zinanyonya joto la mguu haraka, na zikiwa na unyevu inakuwa mbaya zaidi. Chumba kikikauka nusu ya baridi inaondoka, ile nyingine mkeka ao tapi (zulia) ndogo mbele ya kitanda inaimaliza. Kama pesa iko na kichwa hakigusi plafo (dari), unaweza kuweka frigoliti ngumu ya kujengea ya sentimita 3 juu ya shitingi, juu yake shapi (tabaka la sima la kumalizia sakafu) yenye wavu wa chuma, isipungue sentimita 6 maana shapi nyembamba juu ya kitu laini inapasuka. Lakini kama ni kuchagua kati ya frigoliti na gutiere, nunua gutiere.

Betoni mpya usiifunike haraka. Kwa siku 28 imekomaa nguvu yake, kukauka ni jambo lingine, mafundi wengi wanahesabu karibu mwezi kwa kila sentimita mbili na nusu, na kwa unyevu wetu usitarajie pungufu. Kwa hiyo kazi ianze mwezi wa sita. Na tafadhali Mama, usilaze mbabula (jiko) ya makala humo ndani kukausha. Gesi ya makala haina harufu, chumba cha dirisha moja na watoto wamelala, hapana.

Mukubwa, mimi ni mtoto wa Nguba ya Bukavu lakini niko Montréal, tumenunua nyumba, susoli (chumba cha chini) ni betoni tupu na nataka kutengeneza chumba cha mama atakapokuja. Dukani wananionyesha vibamba vya futi mbili kwa futi mbili, vingine chini viko na plastiki ya vinundu vinundu, vingine viko na frigoliti ya rangi, bei haifanani. Rafiki anasema yote ni wizi, nilaze tu mbao na pamba ya vioo katikati. Nichague nini? — Mtoto wa Nguba

Mtoto wetu, rafiki yako usimfuate. Pamba ya vioo kati ya mbao juu ya betoni ya ardhini ni namna ya zamani na imeharibu susoli nyingi, hewa ya ndani inapenya ile pamba bila shida, inakutana na betoni baridi, inageuka maji, na pamba inaikamata hapo na mbao zinakunywa. Frigoliti ngumu haina hiyo tabia, hewa haipiti ndani yake.

Vibamba vyote viwili juu ni mbao ya OSB (vipande vya mbao vilivyobanwa na gundi), tofauti iko chini. Plastiki ya vinundu inaacha nafasi ndogo ya hewa, unyevu mdogo unaotoka kwenye betoni unapata pa kuzunguka na maji kidogo ikimwagika inaweza kutiririka, lakini kwa baridi inasaidia kidogo sana. Ile ya frigoliti, wanaiita XPS, inazuia baridi kweli. Huko wanapima kwa R, kadiri namba inavyopanda ndivyo joto linavyokaa ndani, na XPS inatoa karibu R 5 kwa kila inchi, lakini kwenye kibamba frigoliti yenyewe haifiki hata inchi moja kwa hiyo mara nyingi unapata R 3 hivi. Kwa chumba cha mama mtu wa miaka, anayetoka kwenye digrii 20, mimi ningechukua ya frigoliti bila kufikiri mara mbili, na kama unajua kushika msumeno ningekwambia acha vibamba, nunua XPS shiti kubwa za inchi mbili, hapo uko R 10, ziba viungo vyote na tepu yake, juu weka tripleksi (plywood) mbili, ya juu ivuke viungo vya ile ya chini, uzifunge kwa skrubu moja na ingine bila kutoboa mpaka kwenye betoni. Mara nyingi ni bei nafuu kwa mita, jasho ndilo linaongezeka.

Ila pima urefu mbele! Inchi mbili na tripleksi mbili ni kama sentimita 8 zimeondoka. Mlango utakatwa chini. Na ngazi, watu wengi wanaisahau: kile kidato cha mwisho kitakuwa kifupi kuliko vingine, mguu unategemea urefu uleule unakuta sakafu imekuja mapema, na mama yako atashuka usiku gizani kutafuta choo. Kwa sababu hiyo pekee kuna nyumba ningechagua kibamba chembamba hata kama R ni ndogo.

Usiogope kabati nzito. XPS ya kawaida ya psi 25 (kipimo cha mgandamizo inaobeba) ni kama tani 17 kwa mita mraba ndiyo ibonyee, wahandisi wanachukua sehemu tu ya hiyo kwa usalama, na kitanda na kabati hazifiki hapo. Kinachosumbua ni betoni yenye mabonde, kibamba kinabaki hewani kikikanyagwa kinalia, kwa hiyo sawazisha sakafu mbele. Acha milimita 6 hivi pembeni ya ukuta mbao ipate pa kutanukia. Tundu la maji la sakafuni usilifunike milele, weka kifuniko cha kuinua. Na wakikuuzia frigoliti ya manjano yenye karatasi juu, polyiso, kataa, R yake kubwa ni kweli lakini inanyonya maji, haikai juu ya betoni ya ardhini.

Mbele ya yote hayo fanya jaribio la shitingi nililomwambia Mama wa Bagira, na ungoje theluji iyeyuke mwezi wa tatu na wa nne uone kama maji inaingia. Pima na radoni pia, gesi ya ardhini isiyoonekana inayoleta kansa ya mapafu. Serikali ya Canada inashauri uchukue hatua ikizidi bekereli 200 (kipimo cha mnururisho) kwa mita ya ujazo, na kipimo kinakaa miezi mitatu wakati wa baridi nyumba imefungwa. Kama kuna kazi ya kutoboa betoni na kuweka tiyo ya kutoa hiyo gesi nje, ifanywe sakafu ikiwa bado wazi. Mwezi wa saba huko hewa ni nzito kama Kalemie, tia mashine ya kukausha hewa, unyevu ubaki karibu asilimia 50.

Fundi, mie ni mwanafunzi, napanga chumba ku Kadutu, chini ni sima tupu. Nimekusanya frigoliti za makartoni ya tivi na friji, naweza kuzipanga chini kiisha balatumu juu? — Mwanafunzi wa Kadutu

Hapana, ndugu. Chukua kipande kimoja ubonyeze na kidole gumba: shimo linabaki na punje zinaanza kuachana. Ile imetengenezwa kulinda tivi safarini, haikutengenezwa kubeba mguu wako kila siku, baada ya wiki balatumu itakuwa na mabonde na kiti kitatoboa. Panya nao wanaipenda kutengenezea nyumba. Na ikishika moto inayeyuka, inadondoka ikiwaka, moshi wake mweusi ni sumu, na wewe unapikia humo humo. Tafuta kipande cha shitingi nzito, juu mkeka, na kila jumamosi uinue upige upepo. Kitanda kiinue kwa matofali.

Mukubwa, sisi tuko Goma, parseli iko upande wa Keshero, tunataka kuchimba susoli, stoo na chumba cha sentineli (mlinzi). Jiwe ni gumu lakini kuna mahali lina mashimo. Tumefikiria sakafu ya mbao iliyoinuliwa, hewa ipite chini. Unaonaje? — Familia ya Goma

Naona muache kuchimba. Sisemi hivyo kwa utani.

Goma tatizo la chini si maji, lava inapitisha maji vizuri mpaka wenyewe munalia hamna visima. Tatizo ni mazuku. Kaskazini ya ziwa Kivu, upande wa magharibi wa mji mpaka Sake, ardhi inatoa gesi ya kaboni kwenye mipasuko, haina rangi, haina harufu, na ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa kwa hiyo inalala kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Muko na mbuzi na mbwa waliokufa asubuhi bila jeraha, hamuhitaji mimi niwaeleze. Susoli ni shimo la kukusanyia hiyo gesi, na sakafu iliyoinuliwa inaiwekea chumba chake yenyewe chini ya miguu ya sentineli. Frigoliti, shitingi, OSB, hakuna hata moja ya kuaminiwa kuizuia, kiungo kimoja kikifunguka imeingia.

Na musipime kwa mshumaa kama wazee wanavyoshauri. Moto unaweza kuendelea kuwaka wakati gesi imeshafika kiwango cha kumwangusha mtu, ikikaribia asilimia 10 ya hewa mtu anapoteza fahamu haraka sana. Mwenzake akishuka kumvuta naye anabaki, ndivyo wanavyokufa wawili watatu mahali pamoja. Ulizeni watu wa OVG, uchunguzi wa volkeno pale Goma, wanajua mahali penye mazuku na wako na vipimo. Kama parseli ni salama na bado munataka stoo, ijengwe sakafu yake iwe juu kuliko udongo wa nje pande zote, na ukuta uwe na matundu chini kabisa usawa wa sakafu upande wa mteremko, gesi nzito ikija itoke yenyewe. Matundu ya juu peke yake hayasaidii. Mtu asilale hapo chini, wala mlinzi. Naye ni mtoto wa mtu.

Bonjour Fundi, niko L'shi (Lubumbashi), commune Kampemba, hatuna susoli lakini mwezi wa sita na wa saba karo ni barafu na mtoto anaanza kutambaa. Bwana anataka tuweke parke ya mbao juu ya frigoliti nyumba nzima. — Mama wa Kampemba

Mama, baridi yenu naijua, usiku inashuka mpaka chini ya digrii 10, lakini ni miezi mitatu hivi na mchana jua linarudi. Ukifunika nyumba nzima umelipa mwaka mzima kwa baridi ya msimu mmoja, na mwezi wa kumi joto likipanda utazikumbuka karo zako.

Halafu kuna mchwa. Muko kwenye mji ambao vichuguu ni vikubwa mpaka watu wanavichimba kufyatulia matofali, kiisha munataka kuwawekea mbao chini! Hata frigoliti hawaogopi, hawaili lakini wanaitoboa njia, na mbaya zaidi wanapita ndani yake bila kuonekana mpaka siku parke inakanyagwa inaingia. Kama Bwana anashikilia, basi iwe chumba kimoja cha mtoto, mbao iliyotiwa dawa ikakauka vizuri mbele ya mtoto kuingia, na pembeni ya ukuta muache sehemu ya kufungua mukague kila mara kama njia za udongo zimeanza kupanda. Lakini mimi kwa mtoto anayetambaa ningenunua muse (sponji) nene ya kulazia, zile za kuunganisha vipande, meta nne za mraba, na tapi juu yake. Mwezi wa tisa mnakunja, munaweka juu ya kabati.